Herufi Mbili za Ibara ya Sita

Jina lake la kwenye vyeti karibu watu wote walikwisha kulisahau. Pale kiwandani, kwenye uchapaji wa serikali, aliitwa Nukta, na hata mlinzi wa getini akimwona anashuka kwenye baiskeli asubuhi alikuwa akisema, "Nukta kaingia, sasa sentensi zitapata mwisho." Jina hilo alipewa na mwenzake wa chumba kimoja, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, ambaye naye hakusalimika: aliitwa Redio.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Redio alisoma kwa sauti maandishi ya asili yaliyoletwa kutoka bungeni au wizarani, neno kwa neno, alama kwa alama. Nukta alifuata kwa kalamu nyekundu kwenye prufu, zile karatasi za majaribio zilizotoka kwa wapangaji wa herufi, akisaka makosa. "Fungua mabano, mbili, funga mabano, mtu yeyote, mkato, ambaye..." Siku nzima hivyo, meza mbili zikitazamana, dirisha limebandikwa magazeti kuzuia jua, na mitambo ya chini ikitikisa sakafu hadi chai inacheza vikombeni. Miaka ishirini na saba.

Katiba ya nchi walikuwa wameisoma namna hiyo mara tatu, kila toleo jipya lilipotoka. Nukta angeweza kukutajia ibara yoyote kwa kichwa, pamoja na mikato yake. Maana yake hakuwahi kuifuatilia. Msahihishaji akianza kufuata maana, alikuwa akisema, macho yanaruka na herufi zinampita.

Mkewe alifundisha darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Nukta mwenyewe alimwita hivyo hivyo, mezani na chumbani. Walikuwa na binti mmoja, mshonaji, aliyeolewa, akaachika, akarudi na cherehani yake barazani. "Mimi nawafundisha watu herufi," Mwalimu alipenda kuwaambia wageni, "halafu huyu bwana anawafukuza nazo maisha yao yote. Tumegawana soko."

Ugonjwa ulimwanza Mwalimu kwa damu. Alikuwa amekwisha vuka umri wa mambo hayo, akaona haya kusema, akanyamaza wiki sita. Alipokwenda hospitali kuu walimpima wakakuta saratani ya mlango wa kizazi. Daktari, mama wa makamo aliyekuwa akivua miwani kila alipotaka kusema jambo zito, aliwaita wote wawili akafunga mlango.

"Mwalimu, tumeuona mapema. Ugonjwa huu kwa hatua hii unatibika kwa mionzi. Simaanishi kupunguzwa. Nasema unapona."

Nukta alichomoa kalamu mfukoni aandike tarehe ya kuanza.

"Ila mashine ya mionzi ni moja," daktari aliendelea, "na imekufa tangu mwezi wa pili. Kifaa fulani cha ndani kimeungua. Tumeandika barua hadi tumechoka."

"Na kupelekwa nje?" Nukta aliuliza.

"Bodi inayopitisha majina haijakaa mwaka mzima."

Mlango wa chumba cha mionzi ulikuwa mwisho wa korido ndefu yenye mabenchi ya mbao. Juu yake walikuwa wamebandika karatasi: *Mashine mbovu. Rudini wiki ijayo.* Nukta aliisoma kama alivyosoma kila kitu. Neno "wiki" lilikuwa limekatwa kwa kalamu likaandikwa "mwezi", na "mwezi" nao ukakatwa. Chini ya karatasi hiyo walikaa wanawake kumi na mmoja, wengine wameleta vitenge vya kujifunika kwa kuwa walitoka mbali. Mwalimu akakaa akawa wa kumi na mbili. Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha jua watoto wa kila mmoja wao wako darasa la ngapi. Aliyeshibana naye zaidi alikuwa mwanamke mwembamba mchimba mchanga, ambaye siku walipolazwa wote kuongezewa damu alipewa kitanda cha dirishani, na tangu hapo wakawa wanamwita hivyo: wa Dirishani.

Mwezi mmoja ulipita, ukapita wa pili. Daktari alivua miwani. "Kila mwezi unaopita," alisema, "unanipunguzia maneno."

Siku hiyo Nukta alirudi kazini mchana. Redio alikuwa akimsubiri na mswada wa sheria ya maghala. Badala ya kukaa, Nukta alikwenda kwenye rafu, akatoa Katiba, akasimama nayo wima pale pale kama mtu anayetafuta namba ya simu. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba hakuwa anatafuta kosa.

"Redio," alisema. "Sikiliza. *Ibara ya kumi na moja. Mamlaka ya Nchi itahakikisha kwamba kila mtu anapata huduma ya afya anayoihitaji.*"

"Naijua. Niliisoma mimi."

"Tuliisoma wote. Lakini uliisikia?"

Redio alimtazama mwenzake, akafunga mswada wa maghala. "Shemeji amezidiwa?"

"Bado. Ndiyo maana nauliza sasa."

Jioni alimsomea mkewe ile ibara. Mwalimu alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, mto kati ya magoti, daftari za watoto zimepangwa sakafuni.

"Nzuri," alisema. "Sasa uisomee mashine."

"Sifanyi mzaha, Mwalimu. Imeandikwa *itahakikisha*. Ni amri ile. Mtu akiandika hivyo kwenye mkataba unampeleka mahakamani."

"Unataka kuishtaki serikali? Wewe? Unayeomba ruhusa kwa barua ukitaka kwenda msibani?"

"Nataka upone."

Mwalimu alinyoosha mkono akamshika sikio, kama alivyowafanya watoto watundu wa darasani, taratibu. "Haya. Lakini kwenye hizo karatasi usiniite mgonjwa. Andika mwalimu."

Wakili walimpata kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofa ya pili juu ya duka la mabati, binti mdogo kuliko binti yao, mezani kwake mafaili yamepangwa hadi kidevuni. Alimsikiliza Nukta bila kumkatiza. Alipomaliza, swali lake lilikuwa moja.

"Baba, na ibara ya sita umeisoma?"

Nukta aliitamka bila kitabu. "*Masharti ya Sehemu hii hayatatekelezwa kwa amri ya mahakama yoyote.*"

Akaisikia akiwa anaisema.

"Ndiyo hiyo," wakili alisema. "Ibara ya kumi na moja imo ndani ya Sehemu hiyo hiyo. Afya, elimu, maji, vyote vimewekwa humo. Vinaitwa malengo. Serikali inatakiwa ivikumbuke, lakini ikivisahau huwezi kuileta mbele ya jaji."

"Sasa viliandikwa vya nini?"

"Swali hilo nami niliuliza chuoni, baba. Mwalimu wangu alisema ni dira." Alitabasamu bila furaha. "Lakini sisemi turudi nyumbani. Ibara ya kumi na saba inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na hiyo haimo kwenye malengo, hiyo mahakama inailinda. Nitasema kwamba mtu mwenye ugonjwa unaotibika, akiachwa afe kwa kukosa kifaa kimoja, amenyimwa kuishi. Hapo nataka na lile neno lako. Ibara zile nyingine zinasema *itajitahidi*. Afya peke yake ndiyo imeandikwa *itahakikisha*. Watasema liliteleza, ni kosa la uchapaji."

"Si kosa." Nukta alisimama. "Niliuliza! Toleo la pili, niliuliza pembeni ya prufu, kama si *itajitahidi* kama jirani zake. Wakanijibu kwa maandishi liachwe. Karatasi ile ipo ghalani kwetu kama panya hawajaitangulia."

Jumamosi asubuhi yeye na Redio waliingia ghalani kwa idhini ya meneja. Lilikuwa banda refu la bati, prufu za miaka zimefungwa kwa kamba na kulundikwa hadi kwenye mapaa, na joto lake lilikuwa la tanuri. Walifungua mafurushi kwa saa tatu. Redio akilalamika kiuno, Nukta akipekua kimya, jasho linamdondoka puani.

Waliipata. Karatasi imegeuka rangi ya chai, lakini wino umeshika. Pembeni ya ibara ya kumi na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe wa ujanani, ulionyooka kama wa shule: *Itahakikisha? Au itajitahidi?* Na chini yake, kwa wino wa bluu na muhuri wa ofisi ya mwandishi wa sheria: *Itahakikisha. Ndivyo Bunge lilivyopitisha.*

"Umewapata!" Redio alipiga kelele hadi njiwa wakaruka juu ya bati. "Umewakamata shingo, bwana!"

Nukta alicheka, kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu siku ile kwa daktari. Alilaza furushi lote juu ya mapaja ili aitoe karatasi bila kuichana, na alipogeuza zilizotangulia akaiona nyingine, ukurasa wa ibara ya sita.

Mpangaji wa herufi siku hiyo alikuwa amechoka, au aliitwa, au aliwaza ya kwao. Alikuwa amepanga hivi: *Masharti ya Sehemu hii yatatekelezwa kwa amri ya mahakama yoyote.* Na mbele ya neno lile palikuwa na alama nyekundu ya kuchomeka, safi, imara, na pembeni herufi mbili: *ha*. Na sahihi ndogo ya Nukta, kuthibitisha.

Redio aliinama akasoma juu ya bega la mwenzake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo Nukta hakujua kama anayo, "Mimi ndiye niliyesoma asili. Ningesoma vibaya ungeacha."

"Ulisoma sawa."

"Basi na wewe ulisahihisha sawa. Acha karatasi hiyo humu. Tufunge kamba."

Waliifunga. Lakini tangu siku hiyo Nukta hakupata raha. Kila alipomwona mkewe anajikunyata kwa maumivu, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi. Alimweleza wakili, maana alitaka kujua kama kosa lile lingeachwa lingesaidia.

"Isingesaidia, baba," wakili alisema kwa upole. "Sheria ni ile iliyopitishwa bungeni. Uchapaji ukikosea, wiki ya pili wanachapa karatasi ya masahihisho, basi."

"Najua. Na mimi ndiye ningeipitia hiyo karatasi."

Shauri lilipangwa, likaahirishwa. Jaji alikuwa safarini. Likapangwa tena, wakili wa serikali akaomba muda. Kila mara Mwalimu alivaa gauni lake la mahafali, kila safari likimpwaya zaidi, na binti yake akalipunguza kiunoni kwa pini usiku wa kuamkia mahakama, kisha kwa sindano, kisha akaamua kulishona upya kabisa. Waliokaa mabenchini hospitalini walianza kupungua. Walikuwa wanane, kisha sita. Aliyekuwa haonekani hakuuliziwa.

Siku shauri liliposikilizwa, ukumbi ulijaa. Majaji watatu, mapazia mazito, feni inayolia kama ina kidonda. Mwalimu alikaa mstari wa mbele juu ya mto aliouleta mwenyewe, wa Dirishani pembeni yake.

Wakili wao alisema vizuri. Alisoma ibara, akaonyesha karatasi ya prufu, akaonyesha barua za daktari. Wakili wa serikali, mwanamume mpole mwenye mvi za mapema, hakubisha kama walivyotarajia. Hilo ndilo lililomtisha Nukta. Mtu mwenye matusi unajua pa kumpiga. Huyu alisema serikali inamwonea Mwalimu huruma. Akasema hakuna aliyekataa kumtibu. Ila mahakama ikianza kuamuru mashine inunuliwe, kesho itaamuru barabara, keshokutwa madarasa, na nani basi ataamua kipi kitangulie? "Wananchi walipoandika Katiba," alisema, "waliweka ibara ya kumi na moja kuwa ahadi, na wakaweka ibara ya sita kusema ahadi hiyo inasimamiwa kwa kura, haisimamiwi kwa hukumu. Zote mbili ni maneno ya wananchi. Hatuwezi kusoma moja tukaruka nyingine."

Jaji wa katikati alimgeukia wakili wao. "Unaomba tulifute neno *hayatatekelezwa*?"

"Hapana, mheshimiwa. Naomba lisimfute mtu."

Ukumbi ulinong'ona. Nukta aliona mkewe akitabasamu. Ndipo Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Alinyoosha mkono juu, kidole kimoja, kama mtoto darasani, akakaa hivyo hivyo. Karani alimkodolea macho. Jaji alisita, halafu akasema, "Mama, sema, kwa kifupi." Mwalimu akasimama.

"Waheshimiwa, mimi nafundisha watoto kusoma. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto akisoma *kila mtu*, huwa ananiuliza, Mwalimu, na mimi? Namwambia ndiyo, na wewe. Naomba mniambie kama niliwadanganya."

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi, na feni iliendelea kulia. Jaji mmoja, mwanamke, aliinamisha kichwa akaandika kitu kirefu.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tano. Wakati huo Mwalimu alikuwa hawezi tena kukaa juu ya mto, kwa hiyo Nukta alikwenda na Redio. Jaji wa katikati alisoma kurasa ishirini na mbili. Nukta hakuwa amezoea kusikia maneno bila kuyaona, akawa anayafuata kwa kidole hewani.

Mahakama ilikubali kwamba neno ni *itahakikisha*, na kwamba halikuteleza. Ilimsifu mume wa mwombaji kwa umakini uliolihifadhi. Ilikubali kwamba mwombaji amefanyiwa jambo la kuhuzunisha. Ilikubali hata kwamba mtu hawezi kuishi bila afya. Kila *imekubali* ilimwinua Nukta kidogo kwenye kiti. Redio alimshika goti.

"Hata hivyo," jaji alisoma.

Baada ya hapo Nukta hakuhitaji kusikiliza, lakini alisikiliza. Haki ya kuishi haiwezi kutumika kama mlango wa nyuma wa kuingiza kile ambacho ibara ya sita imekifungia mlango wa mbele. Mahakama mikono yake imefungwa. Maombi yanatupwa. Jaji mwanamke alikuwa ameandika maoni yake peke yake, kurasa tatu, akisema yeye asingeyatupa. Aliyasoma mwenyewe. Lakini wawili ni wengi kuliko mmoja, na watu walikwisha kuanza kusimama.

Nje, kwenye ngazi, wakili alikuwa akifuta macho kwa ukingo wa joho. "Tutakata rufaa," alisema. "Maoni ya yule jaji ni mbegu, baba. Rufaa inaweza kuchukua mwaka, lakini..."

Neno *mwaka* lilimtoka kabla hajalizuia. Wote watatu walilisikia likianguka.

Nyumbani binti alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama baba yake usoni, akarudi kwenye cherehani bila kuuliza. Nukta aliingia chumbani. Mwalimu alikuwa macho, amefunikwa hadi kidevuni ingawa kulikuwa na joto.

"Umeshindwa," mkewe alisema.

"Tumeshindwa."

"Walinijibu swali langu?"

Nukta alifikiri. Kurasa ishirini na mbili, na hakulikumbuka mle ndani. "Yule jaji mwanamke alilitaja. Wengine hapana."

"Hata wakaguzi wa shule huwa wananijibu."

Ndipo ikamtoka. Hakuwa amekusudia. Alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza habari ya ghala, ya karatasi ile nyingine, ya mpangaji wa herufi aliyekosea, ya alama nyekundu na sahihi. "Ni mimi, Mwalimu. Ile *ha* ilikuwa imetoka. Nikairudisha kwa mkono huu."

Mwalimu aliutazama mkono ule. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Nukta akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kinachomuumiza, anajishika tumbo. "*Ha!*" alisema. "Ha, he, hi, ho, hu! Miaka thelathini na moja nawaimbisha watoto. Na wewe ukaikuta imepotea ukaniokotea."

"Usicheke."

"Nilie? Kulia kunaniuma zaidi." Akatulia, akihema. "Ungeiacha ningekushangaa, baba. Ningesema sikuolewa na mtu huyu." Kisha: "Lakini leo natamani ungeiacha. Nisamehe. Natamani kweli."

Nukta alilaza kichwa kwenye ukingo wa godoro, na mkewe akaweka mkono juu ya mvi zake, mkono mwepesi kama karatasi ya kufungia.

Wakili alileta fomu za rufaa na Mwalimu akazitia sahihi, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, ingawa alipumzika mara mbili katikati ya jina. Alifariki baada ya siku kumi na tisa, asubuhi, wakati wa mapumziko ya shule, kelele za watoto zikisikika kutoka upande wa pili wa barabara. Mwisho wake haukuwa wa amani kama watu walivyowaambia waliokuja kuhani. Dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha hospitalini tangu Ijumaa. Nukta na bintiye walilijua hilo, na hawakulizungumza tena baada ya mazishi.

Mwezi wa tatu tangu mazishi, ilikuja barua ya masjala ya mahakama. Ilimwita mwombaji afike mwenyewe, bila kukosa, kuthibitisha rufaa yake.

Masjala ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti haikufanya kazi. Karani nyuma ya dirisha la vyuma alipokea cheti cha kifo, akakisoma pande zote mbili. "Pole, mzee. Sasa, mwombaji akifariki, rufaa inakufa naye, isipokuwa aje mtu mwingine mwenye shida ile ile aingie mahali pake. La sivyo nagonga muhuri nafunga. Wewe unasemaje?"

"Gonga," Nukta alisema.

"Ngoja kwanza!"

Ilikuwa sauti ya wakili, anapanda ngazi mbio mbio, na nyuma yake, hatua moja moja, mkono ukutani, alikuwa anakuja wa Dirishani. Nukta hakumjua mara moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, kitenge kimezungushwa mara mbili mahali ambapo zamani kilizunguka mara moja. Walipofika juu, wakili alimsogezea kiti cha plastiki cha karani.

"Shikamoo, baba," wa Dirishani alisema. "Naambiwa nikiandika jina langu kesi haifi."

"Marahaba, mama. Haifi."

"Mashine bado?"

"Sijui. Sijaenda tena kule."

"Bado," alijijibu mwenyewe. "Nilikuwa huko jana. Tumebaki wawili." Alimtazama Nukta. Macho yake yalikuwa makubwa na safi, kama ya mtu mwingine kabisa. "Wewe unasoma vitabu hivi. Niambie ukweli. Hii rufaa ina matumaini?"

Wakili aliangalia sakafu. Nukta angeweza kumwambia habari za jaji mwanamke, za mbegu, za nchi nyingine ambako majaji wameamua vingine. Yote hayo yalikuwa kweli, na yangemfaa mtu mwenye miaka mbele yake.

"Kwako wewe, mama," alisema, "hapana."

Wa Dirishani alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi limekwisha ondoka. Karani alikuwa bado ameshika muhuri.

"Na kwa hao watakaokuja kukaa lile benchi?"

"Sijui. Hilo sijui."

"Mchimba mchanga," alisema, "shimo unalichimba, na lori linapakiwa na mwingine." Akanyoosha mkono kwa karani. "Lete. Kusubiri nasubiri hata hivyo."

Aliandika jina lake kwa shida, herufi kubwa kubwa, za mtu aliyejifunza ukubwani. Karani aligonga muhuri mwingine, si ule wa kufunga, akatumbukiza faili kwenye rundo lililopanda hadi nusu ya ukuta, akaita, "Anayefuata!"

Waliteremka watatu. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza wa Dirishani alishindwa, akakaa kwenye ngazi, kichwa kimeegemea chuma cha kushikia. Wakili alishuka mbio kutafuta gari. Nukta alikaa chini kando yake, akampokea mkoba ili mikono yake ipumzike. Watu walipanda na kushuka na mafaili yao, wakiwapisha kwa upande. Wakakaa hapo, wakingoja apate pumzi ya kumfikisha chini.